Kompyuta ya gemu imechoka na nina laki tatu na nusu tu: nianze na kadi ya picha, RAM au SSD (diski isiyozunguka)? (Nipo Kigoma)

#1 Mgebuka Mkavu
Wadau habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Nina Dell OptiPlex 7010 ile kubwa ya kusimama, prosesa i5-3470, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8 kijiti kimoja, diski ya kuzunguka ya GB 500, kadi ya picha ya GTX 750 Ti ya GB 2. Pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme ndani) ni ile ile iliyokuja nayo, wati 275. Windows 10.

Mchana naitumia kwa kazi za steshenari, jioni inaingia kwenye kibanda changu cha gemu. Vijana wanacheza PES 2021 na GTA V kwa pedi. Shida yenyewe: ikiwashwa inaenda vizuri kabisa, ila ikipita kama nusu saa inaanza kustaki. Mtu anapiga shuti, mpira unaganda hewani, picha ikirudi kipa ameshafungwa. Wateja wananuna na kuhamia kwa jirani mwenye PS4. Mchana haifanyi hivyo, au inafanya kidogo sana. Jioni ndiyo balaa.

Kuna muuzaji Kariakoo ananipa kadi ya RX 580 ya GB 8 kwa 280,000 na anaituma kwa basi. Kaka yangu anasema ninunue prosesa ya i7-3770. Fundi wa hapa mtaani anasema RAM. Kila mtu ana lake na hela ni hii hii moja. Nisaidieni kabla sijaitoa mfukoni.

#2 Fundi wa Kanyenye
Salamu kutoka Tabora. Mkuu, hiyo RX 580 usiilipie kwanza. Ile kadi peke yake inakula hadi wati 185, na inataka waya wa pini 8 kutoka kwenye pawasaplai. Hiyo ya wati 275 haina waya huo. Sloti ya mazabodi (bodi kuu) inapochomekwa kadi inatoa wati 75 tu, mwisho. 750 Ti yako inakula wati 60, ndiyo maana miaka yote hii imekaa humo bila waya wa ziada na hujawahi kujua kuna tatizo.

Ukitaka RX 580 hesabu na pawasaplai mpya, hapo laki tatu na nusu imekwisha na diski bado ni ile ya kuzunguka.

#3 Kijana wa Gungu
Fundi wako wa mtaani yuko sahihi ila hajakueleza kwa nini. Kijiti kimoja cha RAM kinafanya kazi kwa chaneli (njia ya data) moja. DDR3 ya 1600 kwa chaneli moja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, ukiweka viwili vinavyofanana inakuwa 25.6. Mashine yako ina sloti nne na zipo wazi tatu. Mimi nilinunua kijiti cha GB 8 hapa hapa Kigoma kwa 40,000, GTA ikaacha kurukaruka pale unapoendesha gari kwa kasi katikati ya mji.

Anza na RAM, hela inayobaki itajua pa kwenda.

#4 Binti Ujiji
Kaka Mgebuka, mbona hakuna aliyesoma ulichoandika? Umesema inaanza vizuri halafu baada ya nusu saa inaharibika. RAM ya chaneli moja ni ya chaneli moja tangu dakika ya kwanza, haisubiri nusu saa. Kinachosubiri nusu saa ni joto.

Fungua ubavu wa mashine. Hizi 7010 zina feni ya prosesa iliyofunikwa na kava ya plastiki. Ondoa kava uangalie mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) kwa upande ule feni inapopulizia. Nilifungua moja ya shemeji yangu Ujiji, vumbi lilikuwa limejikunja likawa zulia kamili, unaliinua kwa kucha linatoka kipande kimoja kama kitambaa. Nyuma yake mapezi yalikuwa masafi, maana hewa haikuwahi kupita. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki, nayo ilikuwa imekauka imekuwa chaki, ukiigusa inadondoka unga. Mashine za 2012 hizi, nyingi pesti yake haijaguswa tangu kiwandani.

Pesti ni elfu chache, brashi ya rangi unayo nyumbani. Fanya hivyo kabla ya kununua chochote.

#5 Mzee wa Volti
Wanangu, mnahangaika na vumbi na RAM wakati mwenzenu amesema wazi: MCHANA HAKUNA, JIONI BALAA. Jioni kuna nini? Jioni mji mzima umewasha pasi, friji, jiko la umeme na luninga. Umeme unashuka.

Mimi nimekaa Kigoma tangu enzi za jenereta za dizeli, kabla ya gridi ya taifa kutufikia. Nimeunguza redio, friji na luninga. Kwangu Katubuka nimepima kwa mita saa mbili usiku nikakuta volti 170 badala ya 230. Mashine yenye pawasaplai ya zamani ikipata volti 170 utegemee nini? Nunua stabilaiza kwanza, mengine baadaye.

#6 Isevya Kwetu
Mzee wangu shikamoo, ila hapa naomba nirekebishe. Pawasaplai ya kompyuta si kama balbu ambayo volti ikishuka na mwanga unafifia. Inageuza umeme kuwa volti 12, 5 na 3.3 na kuzishikilia hapo hapo. Nyingi zimeandikwa 100 hadi 240. Ukiipa 170 bado inatoa 12 yake. Ikishindwa inazima au inawaka upya. Haiwezi kukupa mpira unaoganda hewani halafu ukaendelea.

Stabilaiza ni kitu kizuri kwa ajili ya umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kwa kustaki, hapana.

#7 Mzee wa Volti
Marahaba mwanangu. Umesema kweli nusu. Ikishikilia wati zile zile kwa volti ndogo, si lazima ivute ampea nyingi zaidi? Wati ni volti mara ampea, hesabu ya darasani. Ampea zikiongezeka, pawasaplai inachemka zaidi. Pawasaplai ya miaka zaidi ya kumi, kapasita zimechoka, imejazwa vumbi analosema binti yetu, inachemka kuliko ilivyopangwa. Huoni hata hilo joto lake linaanzia kwenye umeme?

#8 Binti Ujiji
Mzee hapo tumekutana katikati 😄 Lakini zulia la vumbi litoke kwanza.

#9 Kadi Kadi
Nimefika. Hakuna aliyezungumzia GB 2 za kumbukumbu ya kadi?

GTA V nenda kwenye setingi za picha, juu kuna mstari unaoonyesha kumbukumbu ya kadi inayotumika. Kama umepandisha ubora wa picha za ukutani na barabarani, mstari unaingia kwenye nyekundu. Ukianza mchezo upo sehemu moja, kadi inatosha. Unavyozidi kuzunguka mji inabidi vitu vipya viingie na vya zamani vitoke, GB 2 zikijaa inakopa kwenye RAM, na RAM ni polepole kwa kadi. Hiyo nayo inachukua muda kuonekana, dada Binti, si joto peke yake.

Na PES 2021: mahitaji ya chini yaliyotangazwa ni i5-3470, RAM GB 8 na GTX 670. Prosesa yako ndiyo hiyo hiyo iliyoandikwa. Kadi yako ipo chini ya GTX 670. GTA V ndiyo kabisa, i5-3470 imeandikwa kwenye mahitaji yanayopendekezwa, siyo ya chini. Kwa hiyo i7 ya kaka yako iache. Nunua GTX 1050 Ti ya GB 4. Wati 75, nyingi hazina waya wa ziada, inachomekwa palipotoka 750 Ti na unaondoka. Kuna fupi za feni moja zinazoingia kwenye kasha la mashine yako bila kugonga kreti ya diski.

#10 Kaka Mkubwa Cheyo
i7 msiitupe haraka hivyo. i7-3770 inakaa kwenye soketi ile ile, 1155, na ina wati 77 sawasawa na i5 aliyonayo. Viini vinne vile vile ila nyuzi (kazi inazobeba kwa pamoja) nane badala ya nne. GTA ni gemu inayotafuna nyuzi, ukiwa na nne tu zote zinafika asilimia mia na hapo ndipo kunatokea ule mkwamo. Mimi nilibadilisha kwenye mashine kama hiyo hapa Tabora, kadi haikuguswa. Wastani wa fremu (picha kwa sekunde) haukupanda sana, kustaki ndiko kulikopungua. Na anacholalamikia mleta uzi ni kustaki.

#11 Kijana wa Gungu
Kaka Cheyo, na RAM hukuongeza siku hiyo hiyo?

#12 Kaka Mkubwa Cheyo
RAM ilikuwa tayari GB 16, vijiti viwili. Usinitafutie njia ya kurudi kwenye RAM yako.

#13 Mgebuka Mkavu
Asanteni sana wote, nasoma kila kitu. Majibu ya maswali:

Sijawahi kufungua hiyo mashine tangu niinunue. Kibanda ni cha mabati, jioni nafunga mlango kwa sababu ya mbu na wanakuwa vijana wengi ndani. Mashine, skrini, feni ya mezani, redio na hotispoti vyote vipo kwenye extensheni moja. GTA iko kwenye ubora wa kati, nitaangalia huo mstari. Kipima joto sina, naambiwa kuna programu.

#14 Mpakua Bando
Ngoja ngoja. Umesema HOTISPOTI? Jioni kibandani kuna intaneti, mchana hakuna?

#15 Mgebuka Mkavu
Ndiyo. Mchana steshenari naizima, bando lisiishe bure. Jioni nawasha kwa ajili ya muziki.

#16 Mpakua Bando
Basi jibu ni hilo wakuu. Windows ikinyimwa intaneti mchana kutwa, jioni ikiipata tu inaanza: kutafuta apdeti, kushusha, kufungua mafurushi, Defender (kinga yake ya virusi) inakagua mafaili. Yote hayo yanaandika na kusoma kwenye diski ile ile ya kuzunguka ambayo gemu nayo inasoma. Diski ya kuzunguka inasoma kwa mkono mmoja unaokimbia huku na huku, haiwezi kuhudumia wawili. Fungua Task Manager wakati inastaki, angalia mstari wa diski. Ukikuta asilimia 100 huku prosesa ipo 60, funga uzi.

Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uambie kuwa mtandao huo ni wa bando la kupimiwa. Bure. Halafu nunua SSD ya GB 240 au 480, uhamishie Windows na gemu moja. Chipu ya Q77 kwenye hiyo mazabodi ina milango miwili ya SATA (ya kuchomekea diski) ya gigabiti 6, mingine ni ya gigabiti 3, kwa hiyo ichomeke kwenye ile ya kwanza. SSD ya SATA inasoma mpaka MB 500 na kitu kwa sekunde, hiyo diski yako ikijitahidi ni 100 na kidogo, tena kwa faili moja kubwa lililonyooka. Kwa mafaili madogo madogo hawalingani hata kidogo.

#17 Kadi Kadi
SSD inaharakisha kuwaka na kufungua gemu. Fremu haiongezi.

#18 Mpakua Bando
Nani kazungumzia fremu? Amelalamikia mpira kuganda. Na toleo jipya la GTA V lililotoka 2025, lile la Enhanced, SSD imeandikwa kwenye mahitaji kabisa. Hao waliotengeneza gemu hawajaiandika kwa kupamba ukurasa.

#19 Mwisho wa Reli
Mwakeye wadau. Mimi nashauri tofauti: uza yote ununue PS4 iliyotumika. Jirani yake kamshinda kwa PS4, si ndiyo maana wateja wanahama? Kompyuta ya 2012 unaipaka rangi tu.

#20 Binti Ujiji
Mwisho wa Reli, PS4 itachapa barua na kutoa kopi ya cheti mchana? Amesema steshenari ndiyo inamlisha mchana. Kwa banda peke yake ningekuunga mkono.

#21 Mwisho wa Reli
Hapo sawa dada, steshenari niliiruka.

#22 Isevya Kwetu
Kuna jambo halijaguswa. Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na huyu ana kizazi cha tatu. Kwa hiyo hela yoyote anayoweka humo ajue anaiweka kwenye mashine ambayo haina njia rasmi ya kusonga mbele. Na Nvidia, watengenezaji wa kadi hizo, nao wamesimamisha draiva (programu za kuendesha kadi) mpya za gemu kwa familia za 750 Ti na 1050 Ti, zimebaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. RX 580 ipo kwenye hali hiyo hiyo ya uzee upande wa AMD.

Sisemi asinunue. Nasema anunue vitu anavyoweza kuhama navyo. SSD anahama nayo. Kadi anahama nayo. DDR3 na i7-3770 vinafia humo humo, mashine za baadaye ni DDR4 na soketi nyingine.

#23 Fundi wa Kanyenye
Hoja ya Isevya ndiyo iliyokomaa kuliko zote humu. Kitu unachohama nacho ni akiba.

#24 Kijana wa Gungu
Lakini DDR3 ni 40,000, kakaangu! Hiyo ni hela ya jioni mbili tatu za banda. Tusimtishe mtu kwa mambo ya 2028 wakati wateja wake wanaondoka leo.

#25 Mhamiaji wa Kasulu
Narudi kwenye RX 580 maana naona inasahaulika na muuzaji bado anampigia simu. Jirani yangu hapa Kasulu aliagiza moja, ikaja na adapta ya kubadilisha waya wa SATA kuwa pini 8. Akachomeka, ikawaka, akafurahi. Siku moja wanacheza, harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima. Tulipofungua, kichwa cha SATA cheupe kilikuwa kimekuwa kahawia halafu kimeshikana na adapta, hakitoki mpaka tukakata waya. Bahati yake alikuwa karibu na swichi.

Hesabu yake ni nyepesi. Waya wa SATA umepangiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54. Pini 8 inaruhusiwa kuvuta wati 150. Mgebuka, akikuambia "usijali nakuwekea na adapta", kata simu.

#26 Jembe la Urambo
Na hizo RX 580 nyingi zinazokuja siku hizi ni zile za 2048SP. RX 580 halisi ina viini 2304, hii ina 2048 ambavyo ndivyo vya RX 570. Sio mbaya, ila usilipie bei ya 580. Na nyingine zimetoka kwa waliochimba sarafu za mtandaoni, zimewaka usiku na mchana. Feni zake zisikilize kabla ya kulipa.

#27 Mdau Mpya Kibirizi
Kwani hawezi kununua pawasaplai ya kawaida ya elfu thelathini? Dukani nimeona imeandikwa 500W.

#28 Mtaalamu wa Likizo
Haiingii. Dell wana plagi zao kwenye mazabodi, pawasaplai ya kawaida haikubali mpaka adapta.

#29 Fundi wa Kanyenye
Mtaalamu, hilo ni la 9020 na 7020, zile zina plagi ya pini 8 ya Dell. 7010 ya kusimama ina pini 24 za kawaida na nafasi ya pawasaplai ya kawaida. Nimezibadilisha hapa Tabora kwa mikono yangu. Zile ndogo za SFF ndizo umbo la pawasaplai linakataa.

Mdau Mpya, hizo za elfu thelathini geuza usome kibandiko. Usisome 500W, soma mstari wa 12V. Ukikuta ampea 16, zidisha mara 12: wati 192. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya kadi na prosesa, nyingine ni maandishi. Inazidiwa na hiyo ya Dell aliyonayo. Tena ishike mkononi, ikiwa nyepesi kama boksi tupu irudishe.

#30 Mtaalamu wa Likizo
Poa fundi, hiyo ya 24 nimeibeba.

#31 Jembe la Urambo
Kwa upande wa 1050 Ti, angalieni feki. Zipo kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili Windows isome "1050 Ti". Ukishaipata, kabla ya kumalizia malipo, fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Toleo la sasa likiigundua linaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Dalili nyingine ni plagi ya VGA, ile ya bluu: 1050 Ti haitoi picha ya VGA, kwa hiyo ukiiona nyuma ya kadi anza kuuliza maswali.

#32 Mdau Mpya Kibirizi
Na skrini yake kama ni ya VGA tu itakuwaje?

#33 Jembe la Urambo
Adapta ya HDMI kwenda VGA, yenye chipu ndani. Ile ya DVI ya pini tu haifanyi kazi kwenye 1050 Ti.

#34 Mzee wa Volti
Na huyo kijana ameweka kila kitu kwenye extensheni moja. Mmeipita hiyo kimya kimya. Shika plagi yake jioni, ukiona ya moto ujue.

#35 Mgebuka Mkavu
Wakuu nimerudi na majibu. Nimefanya alivyosema dada Binti. Zulia lilikuwepo, tena lina nywele na mabawa ya kumbikumbi. Nilipuliza kwa kompresa ya gereji ya baiskeli huku nimeshika feni isizunguke, nikabadilisha pesti. Kwa programu ya HWMonitor, kabla ya kusafisha prosesa ilifika nyuzi 92 kwenye mchezo, baada ya kusafisha 71. Kadi ilikuwa 79, sasa 70.

Jioni yake PES haikuganda hata mara moja. GTA bado inaruka ukiingia katikati ya mji, ila mbali na pale ni safi. Ule mstari wa kumbukumbu ulikuwa nyekundu, nikashusha picha mpaka ukawa njano.

#36 Binti Ujiji
Asante Mungu, na wateja warudi. Nyuzi 92 mpaka 71, wadau mnaona?

#37 Isevya Kwetu
Hongera dada, kazi nzuri. Ila prosesa hizi hujipunguza kasi zikifika nyuzi 100 na ushee. 92 ni joto kali lakini bado haijaanza kujipunguza. Kwa hiyo sijaridhika kuwa joto ndilo lililokuwa linagandisha mpira.

#38 Binti Ujiji
Hiyo 92 aliisoma wapi? Akitoka kwenye gemu kwenda kuangalia programu, mzigo unashuka, na joto la prosesa linashuka ndani ya sekunde chache. Pale mpira ulipoganda huenda ilikuwa juu zaidi.

#39 Mpakua Bando
Mgebuka, swali moja tu na ujibu kwa uaminifu. Jioni hiyo hotispoti ilikuwa imewashwa?

#40 Mgebuka Mkavu
Hapana, bando lilikuwa limeisha. Vijana walipiga muziki wa kwenye flashi.

#41 Mpakua Bando
Nimemaliza.

#42 Binti Ujiji
Hujamaliza chochote, amebadilisha vitu viwili siku moja!

#43 Kadi Kadi
Vitatu. Ameshusha na picha za GTA, mstari ukatoka kwenye nyekundu. Na palipobaki panaruka ni mjini, pale pale GB 2 zinapojaa.

#44 Kaka Mkubwa Cheyo
Mjini ndipo kuna watu na magari mengi. Watu na magari ni kazi ya prosesa. Nyuzi nne, wakuu.

#45 Mzee wa Volti
Na umeme wa jioni hiyo ulikuwa volti ngapi? Hakuna aliyepima. Mgebuka, njoo Katubuka nikuazime mita, upime saa nane mchana na saa mbili usiku, kwenye extensheni hiyo hiyo, vitu vyote vikiwa vimewashwa.

#46 Mgebuka Mkavu
Nitakuja mzee, shikamoo. Kwa sasa nimeamua hivi: kesho nanunua SSD ya GB 480, nimeipata hapa mjini kwa 95,000. Kijiti cha RAM pia, kwa 40,000. Nyingine naishika mpaka nipime na hotispoti ikiwa imewashwa na Wi-Fi ikiwa imewekwa kwenye kupimiwa. Kama mjini kwenye GTA bado inaruka, natafuta 1050 Ti. Muuzaji wa RX 580 nimemwambia asubiri, kaniuliza kama nataka adapta ya bure.

#47 Mhamiaji wa Kasulu
KATA SIMU.

#48 Fundi wa Kanyenye
Mpango mzuri. Hicho kijiti kipya hakikisha ni DDR3 ya kawaida ya kompyuta ya mezani, siyo ya seva. Za seva zinauzwa bei ya chee na zinaingia kwenye sloti vizuri tu, ila mashine haitawaka. Kwenye kibandiko ukiona 12800R, iache, R ndiyo ya seva. 12800U ndiyo yako.

#49 Mdau Mpya Kibirizi
Mgebuka, ukipata 1050 Ti hiyo 750 Ti unaiuzaje? Mimi pawasaplai yangu ni ndogo kuliko yako.

#50 Jembe la Urambo
Ingieni foleni. Mimi nashuka Kigoma na treni Jumamosi, nina laki moja taslimu.

#51 Mgebuka Mkavu
Jembe, subiri kwanza niipate hiyo nyingine. Ukija pitia Mwanga uione ikicheza, uipime na hiyo GPU-Z yako, tuongee bei ukiwa umeishika mkononi.